Prado Inalia Nyuma, Fundi Anatukanwa Mtandaoni: Mastaa Wajifunze Kuinua Gari Kabla ya Kuinua Simu

Alhamisi moja usiku, msanii mmoja wa Bongo Fleva mwenye jina kubwa tu hapa mjini aliingia laivu akiwa kwenye Prado yake nyeupe. Hakuwa anatambulisha ngoma mpya, wala hakuwa anajibu tuhuma za mapenzi. Alikuwa anamsema fundi. Simu ilishikwa na chawa wake aliyekaa kiti cha pembeni, redio ikazimwa, mashabiki wakaambiwa wasikilize. Na kweli, nyuma kulikuwa kunavuma, wuuuuu, mvumo ule unaopanda kadiri gari linavyoongeza mwendo.

"Juzi tu nimemlipa mtu hela yangu, oneni alichonifanyia. Hawa ndio wezi wa mjini," akasema, halafu akataja jina la fundi na mtaa ilipo gereji yake.

Povu halikuchelewa. Kuna waliosema fundi kachomoa spea nzima akaweka mbovu. Kuna waliosema mafundi wote ni walewale. Kuna waliomtukana mpaka mama yake mzazi, ambaye hajawahi kushika spana maishani. Asubuhi namba ya simu ya fundi ilikuwa imeshasambaa, na waliopiga hawakuwa wateja. Watu wa karibu na gereji wanasema wenye magari mawili yaliyokuwa yanasubiri kazi walikuja kuyaondoa yakiwa bado yamefunguliwa nusu. Vijana watatu wanaojifunza kazi pale walishinda siku nzima wamekaa juu ya matairi mabovu, wanaangalia simu.

Sasa, katika komenti zote zile hakuna aliyeuliza swali ambalo fundi yeyote mwenye akili zake angeanza nalo: mvumo umeanza lini hasa, na unabadilikaje dereva akikanyaga mafuta na akiachia?

Hapo ndipo staa alipochemka. Si kosa kulalamika. Mtu kalipa hela yake, gari linatoa sauti ambayo halikuwa nayo, ana haki ya kuuliza na hata kukasirika. Kosa ni kutoa hukumu kabla gari halijapandishwa jeki. Gari likilia nyuma baada ya kutoka gereji, fundi anaweza kuwa na hatia. Anaweza pia kuwa hana hatia kabisa. Na mara nyingi, kama ilivyokuwa kwa Prado hii, ana hatia ya kitu kingine tofauti na kile anachotukaniwa.

Wiki ilivyokwenda

Prado ilipelekwa gereji Jumatatu kwa sababu oili ilikuwa inavuja tairi la nyuma kulia. Kwa ndani ya rimu kulikuwa na utando mweusi wenye harufu kali, ile harufu ya oili ya difu ambayo mtu akishainusa mara moja haisahau. Fundi akachomoa hafu shafti ya upande ule, akabadilisha beringi na sili, akarudishia breki, akajaza oili. Jioni gari likatoka.

Jumanne staa akaenda kufunga rimu mpya na tairi za matope, zile zenye meno makubwa, kwa ajili ya video ambayo gari lilitakiwa lionekane limetoka porini. Jumatano ndipo mvumo ulipomkera kwa mara ya kwanza. Akampigia fundi. Fundi naye, badala ya kusema "lete nilione", akatoa jibu ambalo kila mwenye gari Dar amewahi kulisikia: "Endesha tu bosi, itazoea." Alhamisi, laivu. Ijumaa, gari hilohilo likapanda barabara ya Morogoro kwenda kwenye shoo, karibu kilomita 200, na madansa wanne wamekaa nyuma.

Mpangilio huo wa siku ndio uliokuwa na jibu, ila kwenye video haukutajwa. Staa alisema gari linalia "tangu nilipolitoa gereji". Ukweli ni kwamba kati ya gereji na mvumo kulikuwa na duka la matairi. Mtu akikasirika, kumbukumbu yake huwa inaruka pale ambapo yeye mwenyewe alihusika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kutafuta ugonjwa wa ekseli ya nyuma baada ya matengenezo haihitaji hata spana. Inahitaji karatasi. Kimeguswa nini? Lini? Nani mwingine kaligusa gari baada ya hapo? Sauti ilisikika siku ileile au baada ya siku mbili? Ilianza yenyewe au baada ya kupita kwenye shimo? Mtu akiandika majibu hayo matano, nusu ya ubishi inakufa hapohapo.

Kila sauti ina tabia yake

Watu wengi wanadhani kelele ya nyuma ni kelele tu. Fundi mzuri anajua kwamba tairi, beringi na difu havilii kwa namna moja, na tofauti zake zinaweza kusikika barabarani kabla ya kufungua nati hata moja.

Tairi kwanza, kwa sababu ndilo linalosingiziwa kidogo kuliko yote. Tairi lenye meno makubwa, au lililolika vibaya, linavuma, na mvumo wake unafuata barabara. Kwenye lami laini unakuwa hivi, kwenye lami iliyochubuka unakuwa vile, kwenye vumbi unaweza kupotea kabisa. Kukanyaga mafuta au kuachia hakuubadilishi sana. Kipimo chake ni rahisi mno: hamisha tairi za nyuma zije mbele, za mbele ziende nyuma, kisha zunguka tena barabara ileile. Mvumo ukihamia mbele, ugonjwa ni tairi, na aliyebadilisha beringi aachwe apumzike.

Beringi inavuma pia, na ndiyo maana inachanganywa na tairi. Lakini beringi iliyochoka haijali sana aina ya lami. Inajali mzigo. Gari likiyumbishwa taratibu kushoto na kulia kwenye barabara tupu na kwa mwendo wa wastani, uzito unahamia upande mmoja kisha mwingine. Likikata kulia, tairi za kushoto ndizo zinazobeba, na mvumo ukizidi hapo, mashaka ya kwanza yanaenda kushoto. Si sheria isiyovunjika, maana sauti inasafiri kwenye chuma na inaweza kumdanganya hata aliyekaa kiti cha nyuma, ila inatoa pa kuanzia.

Difu ina lugha yake. Yenyewe inasikiliza mguu wa dereva. Dereva akikanyaga mafuta inalia kama mluzi wa mbali, akiachia inanyamaza au inabadilisha sauti kabisa. Kelele inayokuja na kuondoka kwa mguu namna hiyo inatoka kwenye meno, yaani krauni na piniani, au kwenye beringi za ndani ya difu. Hapo swali la kwanza ni moja tu: ina oili ya kutosha, na ni oili sahihi?

Halafu kuna kugonga. Gari likitolewa kwenye gia ya mbele kwenda rivasi, nyuma kunasikika "ngo!". Au likianza kuondoka linashtuka mara moja. Hiyo haina uhusiano na tairi. Inatafutwa kwenye krosi za propela, kwenye bushi za ekseli, na kwenye bolti ambazo pengine zilifunguliwa juzi na hazikurudi kukazwa inavyotakiwa.

Na kuna ile sauti nyembamba ya kukwaruza, kwii, kwii, inayokwenda na mzunguko wa tairi. Baada ya kazi ya breki au hafu shafti, mara nyingi ni lile bati jembamba la kukinga vumbi, limepinda kidogo wakati wa kazi na sasa linagusa diski. Mkono mmoja unalirudisha. Mtu anaweza kutukanwa nchi nzima kwa kosa la dakika mbili.

Yule aliyenyamaza

Kwa haki ya msanii huyu, kupiga kelele sio ugonjwa pekee wa mastaa wa Bongo. Upo mwingine mbaya zaidi, nao ni kunyamaza.

Kuna mwigizaji mmoja wa kike, sura yake inajulikana kwenye tamthilia, ambaye alikuwa na Toyota Crown ya rangi ya fedha. Crown ile ni gari linalosukumwa na tairi za nyuma, na difu yake imefungwa katikati, hafu shafti zinatoka kulia na kushoto kwenda kwenye tairi. Alilipeleka gereji kubadilishiwa sili ya difu. Ili ile sili itoke ni lazima hafu shafti ichomolewe, na ikichomolewa oili inamwagika. Kazi ikaisha, gari likafutwa vizuri, likarudi linang'aa. Kilichosahaulika ni kurudisha oili iliyomwagika.

Siku chache baadaye difu ikaanza mluzi kila akikanyaga mafuta. Akaongeza sauti ya muziki. Rafiki zake wakamwambia "Crown zote ziko hivyo, dada". Kurudi gereji aliona aibu, maana angeonekana analia na hela ndogo. Kwenda gereji nyingine aliona ni gharama, na kipindi kile alikuwa ameshatangaza mtandaoni kwamba maisha yamemnyookea. Akaendesha hivyo kwa muda wa miezi miwili.

Gari likamzimia matumaini njiani, usiku, akiwa na mwanawe mdogo. Halikugongwa na mtu, wala hakuna aliyeumia, na Mungu anastahili kushukuriwa. Difu ilipofunguliwa, oili iliyokuwemo ilikuwa kidogo, nyeusi tii, na ndani yake kulikuwa na vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho. Meno yalikuwa yameliwa. Kitu ambacho kingeponywa na chupa moja au mbili za oili na spana ya kufungulia nati ya kujazia, kikaishia kwenye kununua difu nzima ya mtumba.

Hakuna aliyemtukana fundi wake. Hakuna video. Na yule fundi, ambaye alikosea kweli, mpaka leo pengine anaendelea kusahau kurudisha oili kwenye magari ya watu, kwa sababu hakuna aliyerudi kumwambia.

Ukiweka kesi hizi mbili pembeni mwa nyingine, jambo linakuwa wazi. Aliyekosea kidogo alichafuliwa jina. Aliyekosea sana hakuguswa. Tofauti haikuletwa na ukubwa wa kosa, bali na nani alikuwa na wafuasi wengi na hasira nyingi siku hiyo.

Prado ilipopandishwa lifti

Staa aliporudi kutoka Morogoro Jumapili, ndani ya rimu mpya ya nyuma kulia kulikuwa na oili. Chawa wakasema, unaona sasa? Ikapangwa video ya pili. Kwa bahati nzuri kaka yake, mtu wa umri kidogo na asiye na akaunti ya mtandao wowote, akamwambia alipeleke gari kwanza kwenye gereji nyingine yenye lifti, na simu ibaki mfukoni.

Fundi wa pili, mzee wa makamo, hakuuliza chochote kuhusu video. Aliuliza kazi gani ilifanyika na lini. Kisha akaingia garini, akaliendesha mwenyewe. Akakanyaga, akaachia. Akayumbisha kushoto, akayumbisha kulia. Akatoka kwenye lami nzuri akaingia kwenye mbovu, mvumo ukabadilika. Kurudi, akahamisha tairi za nyuma kwenda mbele, akazunguka tena. Mvumo ulikuwa umehama, unasikika mbele. Zilikuwa zile tairi za matope, za Jumanne, za kwenye video.

Halafu akalipandisha. Akashika tairi juu na chini, akalitikisa, halikucheza. Akalizungusha kwa mkono huku mkono mwingine umeshika chuma cha ekseli, hakusikia msago wowote. Beringi iliyowekwa na yule "mwizi" ilikuwa nzima, imekaa vizuri, kazi safi. Akafungua nati ya chini ya difu. Difu nyingi zina sumaku pale, na kilichonasa kilikuwa unga laini kama wanja, ambao ni kitu cha kawaida kwa gari lililotembea. Hakukuwa na vipande.

Ila oili ilikuwa inapita kwenye sili mpya. Hapo mzee hakukimbilia kubadilisha sili ya tatu. Alipanda na macho juu ya ekseli mpaka kwenye kipumulio, kile kitundu kidogo chenye mpira unaopanda juu, ambacho wenye magari wengi hawajui hata kama kipo. Difu ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka. Inatakiwa itokee pale. Kipumulio cha Prado hii kilikuwa kimezibwa na tope lililokauka. Hewa ikikosa njia inatafuta pengine, na mahali pepesi kuliko pote ni mdomo wa sili. Mizunguko ya mjini ilikuwa haijaipasha difu vya kutosha. Safari ya Morogoro, gari limejaa watu na vyombo, iliipasha. Oili ikasukumwa nje.

Kipumulio kikasafishwa kwa dakika chache. Sili ikabadilishwa kwa sababu ilishalazimishwa. Breki za upande ule zikafunguliwa na kusafishwa, pedi zilizolowa oili zikatupwa. Na zikatupwa za pande zote mbili, ili gari lisije likavuta upande mmoja likifunga breki.

Kwa hiyo nani alikuwa mkosaji? Kwa mvumo uliotangazwa laivu, fundi wa kwanza hakuwa na kosa hata chembe. Kwa oili, alikuwa na kosa, na si dogo. Alibadilisha sili bila kujiuliza kwa nini ile ya kwanza iliharibika. Alitibu jasho akaacha homa. Na pale mteja alipopiga simu, alimwambia itazoea. Chuma hakizoei. Kama angesema "lete gari jioni", angelipanda, angesikia, angeona tairi mpya, angecheka na bosi wake, na pengine angeangalia pia juu ya ekseli. Neno moja la uvivu kwenye simu lilimgharimu jina alilolijenga kwa miaka.

Kilichokuwa hatarini hakikuwa fundi peke yake

Kuna kitu kilipotea kabisa kwenye kelele za mtandaoni, na ndicho kinachotisha zaidi. Kuanzia Alhamisi, staa aliamini kwa dhati kwamba ekseli ya nyuma ya gari lake imeharibiwa. Aliwaambia watu hivyo, akaapa. Ijumaa akawapakia watu wanne akaenda nalo Morogoro.

Kama kweli aliamini beringi imekufa, safari ile ilikuwa ni kucheza na roho za watu. Kwenye ekseli nzima ya namna ya Prado, beringi ya tairi ndiyo inayoishika hafu shafti mahali pake. Ikivunjika vibaya au kishikio chake kikiachia, shafti inaweza kutoka pamoja na tairi lake gari likiwa kwenye mwendo. Na hata bila hilo kutokea, oili ikifika kwenye pedi za breki, tairi moja linashika na jingine linateleza, kwenye barabara yenye malori kila upande. Mkumbuke kwamba oili ilikuwa inavuja kweli, ndani ya rimu, usiku kucha, wakati madansa wamelala nyuma.

Madansa hao hawakuulizwa. Ndio wale wale waliokuwa wanacheka kwenye laivu.

Kama hakuamini kwamba gari ni bovu kiasi hicho, basi ile video ilikuwa kiki, na fundi alitolewa kafara ili jina litrendi wiki ya shoo. Hakuna njia ya tatu. Mtu mwenye gari analoamini lina hatari ana kazi moja ya kwanza, nayo ni kulisimamisha. Baada ya hapo ndiyo aposti, kama bado atakuwa na hamu.

Fundi naye asijifiche nyuma ya huruma

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kumfanya fundi malaika. Hapana. Hasira za wenye magari hazikutoka hewani. Wengi wameshatoka gereji na nati mbili zimebaki mfukoni mwa kijana. Wengi wameuziwa spea "mpya" iliyopakwa rangi. Wengi wameambiwa itazoea mpaka gari likazoea kukaa juu ya mawe.

Heshima ya fundi inalindwa na vitu vidogo ambavyo havihitaji mtaji mkubwa. Amwoneshe mteja spea iliyotolewa, akiishika mkononi. Aandike kwenye karatasi, hata ya daftari, kilichobadilishwa na tarehe. Atembee na mteja kilomita chache kabla ya kupokea hela ya mwisho, ili sauti iliyokuwepo na isiyokuwepo wazisikie wote wawili. Aguse kwa mbali joto la kila tairi baada ya mzunguko huo. Tairi moja likiwa na moto kuliko mwenzake, pengine handibreki imekazwa kupita kiasi, na ni afadhali igundulike pale pale kuliko Chalinze. Taa ya ABS ikiwaka baada ya kazi ya nyuma, asiseme ni umeme tu. Arudi kuangalia waya alioupitisha karibu na ekseli.

Na mwenye gari naye ana sehemu yake. Asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, liwekwe stendi. Asilazimishe kazi ya saa nne iishe kwa saa moja kwa sababu ana shoo jioni. Asifunge vitu vitatu vipya wiki moja halafu akashangaa kwamba hajui kipi kinalia. Na sauti mpya ikitokea, arudi kwa aliyefanya kazi kwanza, ampe nafasi ya kuisikia. Akikataliwa au akijibiwa ovyo, aende kwa fundi wa pili, apate maneno yake kwa maandishi. Hapo akidai fidia anadai akiwa na kitu mkononi. Kumtaja mtu kwa jina na kumwita mwizi bila ushahidi ni jambo jingine kabisa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa pia wanaosambaza taarifa za uongo. Wafuasi wengi hawamtoi mtu kwenye sheria.

Video imefutwa, ila

Baada ya kutoka kwenye lifti, staa aliifuta ile video. Kimyakimya. Hakukuwa na posti ya kusema "nilikosea kuhusu mvumo". Watu wake wanasema alimtumia fundi hela kidogo kwa simu na ujumbe mfupi wa "tusameheane kaka". Fundi alijibu "haina shida bosi", kwa sababu katika mji huu mtu wa gereji ya uchochoroni atasema nini kingine kwa mtu mwenye jina?

Lakini vipande vya video bado vinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Wale waliomtukana mama yake hawajapata taarifa kwamba beringi ilikuwa nzima. Wenye yale magari mawili hawajarudi. Kijana mmoja kati ya wale watatu ameacha kuja, anaendesha bodaboda. Kosa lilitangazwa kwa mashabiki wote, msamaha ukatumwa kwa mtu mmoja. Hesabu hiyo haijakaa sawa, na staa anajua. Kama kweli anataka kuisawazisha, dawa iko palepale ilipotokea sumu: aingie laivu tena, kwa gari lilelile, redio imezimwa, aseme jina la fundi na mtaa ilipo gereji yake, halafu awaambie watu mvumo ule ni wa nini.

Maana mvumo bado upo. Tairi za matope hazijatolewa, zinaonekana vizuri kwenye picha, na kila Prado inapopita inavuma vilevile, wuuuuu. Tofauti ni kwamba sasa mwenyewe anajua unatoka wapi.

Haya, uwanja ni wa wasomaji hapo chini: nani zaidi alistahili kuomba msamaha hadharani, staa, fundi wa "itazoea", au waliokuwa wanamwaga povu bila hata kuuliza gari linalia lini?